Mtu Mzima Chuoni: Kuielewa Elimu ya Dini kwa Waislamu wa Ughaibuni

Kila baada ya miezi michache tangazo la namna ile ile hupita kwenye kundi letu la WhatsApp, lenye jamaa walioko Uingereza na Kanada pamoja na waliobaki Mombasa na Unguja. Picha ya msahafu, picha ya kompyuta, na maneno makubwa: kuwa mwanachuoni ukiwa nyumbani kwako, miezi 18 tu, cheti na ijaza. Haipiti dakika tano maswali yanaanza kumiminika. Shangazi wa Mombasa anauliza kama hicho ni chuo kama vyuo vya kwetu. Binamu wa Toronto anataka kujua kama cheti kinatambuliwa na serikali. Mwingine anakata shauri kwamba elimu ya dini ni ya watoto, mtu mzima asali, afunge, yatosha. Mabishano yanaendelea hadi usiku, na ukiyasoma kwa makini unaona kwamba kila mmoja ana chuo chake kichwani anachokizungumzia.

Basi tuanze na maneno yenyewe.

Chuo, kwa mtu wa pwani, ni pale alipopelekwa na juzuu ya Amma mkononi akiwa na miaka mitano au sita. Neno hilo hilo leo ni chuo kikuu, chuo cha ualimu, chuo cha ufundi. Madrasa kwa Kiarabu ni shule yoyote, hata ya hesabu. Kwetu ni ya watoto jioni, na Uingereza pia ndivyo lilivyozoeleka. Kule wenye asili ya India na Pakistan, ambao ndio wengi kwenye misikiti ya Uingereza, chuo kinachotoa maulamaa hukiita darul-ulum. Darsa ni kikao: mwalimu anasoma kitabu, anafasiri, watu wanasikiliza na kuuliza. Huhitaji kujiandikisha wala kufanya mtihani. Ijaza nitaifikia mbele, kwa kuwa ndiyo inayopotosha watu zaidi.

Yako pia maneno mawili ambayo bila hayo hatuendi popote: fardhi kifaya na fardhi aini. Fardhi kifaya ni elimu ambayo wakiwapo wachache wanaoijua, wengine husalimika: ufafanuzi wa hadithi, misingi ya fiqhi (sheria za dini), ukadhi. Fardhi aini ni ile inayomlazimu kila mtu mwenyewe, hakuna wa kumsomea. Imamu Ghazali aliifafanua ya pili katika kitabu chake cha Ihya kwa mfano ambao hata leo sijaona uliouzidi. Chukua mtu, anasema, aliyebaleghe wakati wa dhuha, asubuhi jua likishapanda. Kinachomlazimu saa ile ni kuzijua shahada mbili na maana yake. Akiishi hadi adhuhuri, imemlazimu sasa kujua twahara na sala. Ikimfikia Ramadhani, ajue saumu. Akipata mali, ajue zaka. Kila hali mpya inakuja na elimu yake.

Ukiushika mfano huo, nusu ya mabishano ya WhatsApp yanakwisha. Fardhi aini hukua pamoja na mtu. Mtoto wa chuo hafundishwi zaka ya akiba ya benki, kwa sababu hana akiba wala benki. Hafundishwi talaka wala kuandika wasia. Mtu wa miaka 40 anayesema "mimi nilishasoma chuoni" ni kama anayesema kanzu alishashonewa akiwa darasa la tatu. Ni kweli alishonewa, ila leo haimwenei.

Na ughaibuni hali mpya huja kwa kasi kuliko nyumbani. Niliyaona hayo kwa jirani yangu aliyefika kutoka Tanga. Siku ya kwanza msikitini aliletewa jedwali la nyakati za sala, karatasi ya mwezi mzima, akaiona ina safu mbili za alasiri. Akadhani ni makosa ya uchapaji. Akanipigia: "Kaka, hawa watu wana alasiri mbili?"

Wanazo. Kwetu pwani karibu sote tumelelewa katika madhehebu ya Shafi, na alasiri yetu huingia kivuli cha kitu kinapolingana na urefu wake, ukiongezea kile kivuli kilichokuwapo jua lilipokuwa utosini. Rai inayofuatwa na Mahanafi wengi husubiri kivuli kifike mara mbili ya urefu. Kiangazi cha Uingereza tofauti hiyo huzidi saa nzima. Jirani yangu angeweza kukaa Tanga miaka 80 asikutane na swali hilo. Na halikuja peke yake: imamu haleti kunuti, ile dua ya kusimama katika sala ya alfajiri, bismillahi haisikiki kwa sauti, na alipokaa na mwenziwe kuhesabu faradhi za udhu, yeye alikuwa na sita na mwenziwe nne. Mtu ambaye hakuwahi kufundishwa kwamba madhehebu ni njia za kuzifahamu Aya na hadithi zile zile ana mawili ya kuchagua. Ataona wenziwe wote wamepotea, au ataona chuo chake cha utotoni kilimdanganya. Nimewaona wa aina zote mbili, na wa pili ndio wanaonitia huzuni, kwani wengine hawarudi tena.

Kisha kuna isha. Zanzibar isha huingia karibu na saa moja na nusu usiku, na mwaka mzima haisogei sana. London mwezi wa Juni jua linazama saa tatu na dakika 20 usiku, na kwa wiki kadhaa ile giza kamili ya kupotea mwanga wa magharibi haifiki. Mwanga wa jana unakutana na wa kesho. Sasa isha inaingia lini? Wapo maulamaa wanaokadiria kwa mji wa karibu ambako usiku unatimia, wapo wanaougawa usiku mafungu saba, wapo wanaoruhusu kuchanganya magharibi na isha kwa uzito uliopo. Ndiyo maana misikiti miwili mtaa mmoja inaweza kuachana kwa zaidi ya saa. Hili halimo kwenye vitabu vidogo tulivyosomeshwa Lamu au Tanga, na haliwezi kuwamo; waandishi wake waliishi chini ya jua jingine.

Yote hayo ni ya sala, na sala mtu akikosea hurekebisha. Yanayoumiza ni ya ndoa na mirathi, na hapa naomba msomaji atulie nami kidogo.

Mtu aliyekulia Mombasa amezoea kadhi. Katiba ya Kenya ya 2010 inaitambua mahakama ya kadhi, na Zanzibar nayo ina makadhi wake kisheria. Akifungishwa nikaha nyumbani, ndoa ile ina njia ya kutambuliwa na dola. Anafika Uingereza, anafungishwa nikaha na sheikh sebuleni, mashahidi wapo, mahari yamelipwa, biriani imeliwa, naye anaamini ameolewa. Mbele ya Mwenyezi Mungu ni mke. Mbele ya sheria ya England, kama ndoa haikusajiliwa serikalini, si mke. Mahakama ya Rufaa ililisema hilo mwaka 2020: nikaha peke yake pale haifungi ndoa ya kisheria. Mume akifa bila wasia, mwanamke huyu, ambaye Kurani imempa thumni (moja ya nane) akiwapo mtoto na robo asipokuwapo, hana fungu la moja kwa moja katika sheria ya nchi. Labda aende mahakamani kudai.

Haya, tugeuze. Ndoa imesajiliwa, mume kafa bila wasia, ameacha mke, watoto na mama yake mzazi Unguja. Sheria ya England tangu 2023 inampa mke pauni 322,000 za kwanza na vitu vya nyumbani, kisha nusu ya kinachobaki. Nusu nyingine ya watoto. Mama wa Unguja, mwenye sudusi yake (moja ya sita) katika Suratun Nisaa, hapati kitu. Mke aliyepewa zaidi ya haki yake huenda asijue hata kwamba amebaki na mali ya mkwewe. Sheria hiyo hiyo ya England, hata hivyo, inamruhusu mtu kuandika wasia na kuigawa mali yake vile mirathi ya Kiislamu inavyotaka. Mlango uko wazi. Wanaojua kwamba upo ndio wachache. Darsa moja ya saa mbili, ikifundishwa na mtu anayejua faraidhi, yaani hesabu ya mirathi, na mwanasheria akiwa pembeni, ingeziokoa familia nyingi zaidi ya mihadhara 20 ya kuhuzunisha.

Hapo pana dhana potofu nyingine ya kuondoa. Wengi wanaamini kwamba mabaraza ya sharia ya Uingereza, kama lile la Leyton, London, lililoanzishwa mwaka 1982, ni mahakama ya kadhi kama ya kwetu. Siyo. Yanaweza kumpa mwanamke faskhi (kuvunjiwa ndoa) au khului (kujivua kwa kurudisha mahari) kwa upande wa dini, lakini uamuzi wao hauna nguvu ya dola. Ndoa iliyosajiliwa huvunjwa na mahakama ya nchi. Kuna waliotoka barazani na karatasi wakadhani wamemaliza kila kitu.

Swali la nyumba ya mkopo wa riba nitalipitia haraka, maana kila mtu analo na watu hulijibu kwa hasira. Mwaka 1999 Baraza la Ulaya la Fatwa na Utafiti lilitoa rai ya kuruhusu, kwa dharura na kwa masharti, Mwislamu wa Ulaya anunue nyumba ya kuishi kwa mkopo wa benki. Maulamaa wengi waliipinga. Uingereza ilipata benki ya Kiislamu mwaka 2004, na njia zisizo za riba zipo, ingawa si kila mtu anazimudu. Ninachotaka kionekane hapa ni kidogo tu: fatwa ni jibu la mwanachuoni kwa hali fulani na masharti yake. Anayeikata masharti yake na kuituma kwenye simu ametuma kitu kingine.

Sasa twende kwenye mahali penyewe pa kusoma, kwani Magharibi leo pana njia nyingi, na tatizo la mtu ni kujua ipi ni ya nini.

Darsa ya msikitini ndiyo kongwe na ndiyo ya watu wengi. Ni bure, ina mwalimu anayekujua jina na anayejua kama mwanao anaumwa. Udhaifu wake ni lugha. Misikiti mingi ya Uingereza ilijengwa na wahamiaji wa Bara Hindi, na darsa zimekuwa za Kiurdu au Kibengali. Za Kiingereza zimeongezeka kwa sababu vijana na waliosilimu walidai. Sisi Waswahili tulio wachache hujipanga majumbani na kwenye kumbi za kukodi.

Kuna semina za mwisho wa wiki, mtindo ulioenea Amerika ya Kaskazini tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 kupitia taasisi ya AlMaghrib na wengine: siku mbili au zaidi, somo moja, ukumbi umejaa, daftari na vipimo. Zinaamsha hamu. Kwa maoni yangu zinafaa kuanzia, ila hakuna aliyewahi kuwa fundi kwa wikiendi.

Darul-ulum ni kitu kizito. Kile cha Bury, kaskazini mwa England, kilianzishwa miaka ya 1970, na mtaala wake ni ule unaoitwa Dars-e-Nizami, kwa jina la Mulla Nizamuddin wa Lucknow aliyefariki mwaka 1748. Mwanafunzi hukaa miaka, sita hivi baada ya msingi, na humaliza kwa kusoma vitabu vikuu vya hadithi. Wanaoingia wengi ni vijana wadogo, ingawa baadhi ya taasisi siku hizi zina masomo ya jioni kwa wenye kazi na watoto. Ukisikia "alim" au "alima" Uingereza, yaani mwanachuoni wa kiume au wa kike, mara nyingi ndiyo njia hii inayokusudiwa. Pima basi: miaka sita ya kutwa, na tangazo la miezi 18 ya jioni mbili kwa wiki. Inaweza kuwa kozi nzuri kabisa. Jina ndilo lisilokuwa lake.

Kisha vyuo vya shahada. Zaytuna ilianza kama taasisi ndogo California mwaka 1996, ikawa chuo mwaka 2010 mjini Berkeley, na mwaka 2015 ikapata ithibati, chuo cha kwanza cha Kiislamu Marekani kufika hapo kwa shahada ya kwanza. Cambridge Muslim College ilifunguliwa 2009 na kazi yake ya awali ilikuwa kuwachukua waliohitimu darul-ulum na kuwafundisha jamii wanayoishi: historia, sheria, sayansi, ushauri wa familia. Ujerumani wamekwenda njia nyingine kabisa. Tangu 2010 na kuendelea serikali imegharimia vituo vya theolojia ya Kiislamu ndani ya vyuo vikuu vya umma kama Münster na Tübingen. Binamu yangu aliyeuliza kuhusu kutambuliwa na serikali, jibu lake liko hapa: vichache vina ithibati, vingi havina, na ithibati ni habari ya ajira na kuendelea na masomo. Haikuambii kama mwalimu ana elimu na ucha Mungu.

Tofauti na hivyo ni idara za masomo ya Kiislamu za vyuo vikuu vya kawaida, mathalani SOAS ya London au Leiden. Kule wanasoma Uislamu kama historia, lugha na jamii, na mhadhiri anaweza asiwe Mwislamu. Yupo msomi wa historia ya majahazi, anayejua mbao zilitoka wapi na tanga lilishonwaje, na yupo nahodha. Wote wana elimu. Ukitaka kuvuka kwenda Pemba unamtafuta nahodha.

Mtandao nao umeyachanganya yote. Taasisi ya SeekersGuidance hutoa kozi zake bure, na tangu korona ya 2020 hata masheikh wa Mombasa na Unguja wana wanafunzi Minneapolis na Oslo. Darsa ya saa mbili na nusu usiku Mombasa humfikia mtu wa Toronto saa sita na nusu mchana, na majira yakibadilishwa mwezi wa Machi inakuwa saa saba na nusu. Kila mwaka wiki hiyo nusu ya darasa huchelewa. Mimi naupenda mtandao kwa fardhi aini, na hasa kwa sababu umeturudishia Kiswahili. Tulikuwa nacho. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianzisha gazeti la Al-Islah Mombasa mwaka 1932 ili Waislamu watu wazima wasome dini yao kwa lugha wanayoiota, na Sheikh Abdallah Saleh Farsy akatuachia tafsiri kamili ya Kurani mwaka 1969. Kusoma kwa Kiswahili ukiwa Leicester si kurudi nyuma.

Hilo linanileta kwenye neno linalosikika kila mahali: bila Kiarabu huwezi kusoma dini. Kwa fardhi aini, si kweli. Kwa kupanda juu yake, ni kweli, na Mswahili ana pa kuanzia. Chukua Fatiha peke yake. Ndani yake umo mzizi wa rehema, ibada, neema, ghadhabu. Maneno unayoyatumia sokoni. Lakini tahadhari: "yaumid-din" si siku ya dini. Pale din ni malipo, siku ya kulipwa. Ukijua kwa nini, umeanza Kiarabu.

"Umri umepita" ni dhana nyingine. Al-Qaffal wa Marw, mmoja wa nguzo za madhehebu yetu ya Shafi, aliyefariki mwaka 417 Hijria, alikuwa fundi wa kufuli na alianza kusoma fiqhi akiwa na miaka 30 hivi. Na anayedhani elimu ni ya wanaume aangalie kazi ya Mohammad Akram Nadwi wa Oxford, iliyochapishwa 2021: wasifu wa wanawake wapokezi wa hadithi, juzuu 43.

Sasa ijaza. Ijaza ni idhini ya kupokeza: mwalimu anakuruhusu usomeshe kitabu fulani au usomaji fulani wa Kurani kama ulivyopokea kwake, naye kwa mwalimu wake, hadi mwisho wa mnyororo. Ni ya kitu maalumu. Mwenye ijaza ya usomaji wa Hafsi hakupewa ruhusa ya kutoa fatwa za talaka. Na ipo ijaza ya baraka, ambayo kikao kizima hupewa kwa kusikiliza kitabu kikisomwa, hata mtoto aliyelala mapajani. Zote ni halali, zote zina adabu yake. Kwa hiyo mtu akikwambia ana ijaza, muulize ya nini, kwa nani, na alisoma muda gani. Mwenye nayo ya kweli hufurahi kuulizwa.

Darasani kwetu mtandaoni yupo mzee wa miaka 61, dereva wa basi aliyestaafu. Aliingia ili asome Safina, kile kitabu kidogo cha fiqhi ambacho wengi wetu tulikigusa utotoni tukakiacha. Alipofika kwenye nguzo za sala, 17 kwa hesabu ya kitabu hicho, mwalimu akamwambia ya Fatiha haisomwi kwa maelezo, aisome yeye. Akaisoma. Mwalimu akamrudisha kwenye neno la kwanza baada ya bismillahi. Ile ha ya "alhamdu" hutoka katikati ya koo, naye alikuwa akiitamka ha ya "hodi". Ikawa ndiyo kazi ya wiki tatu, herufi moja, simu ikiwa imeegemezwa kwenye birika la chai.

Wiki ya tatu, akiwa anajaribu kwa mara ya saba au ya nane, sauti ya mkewe ikasikika kutoka kwenye sinki, maji yakichuruzika. Aliitamka sawasawa bila kugeuka. Mwalimu akanyamaza, kisha akauliza ni nani. Mzee akasema ni mama watoto, hasomi, anasikiliza tu. "Muulize kama Jumanne ana nafasi," mwalimu akasema. Maji yakafungwa. Akaja mwenyewe kwenye simu, akajifuta mikono, akauliza Jumanne hiyo ni kwa saa za huku au za Mombasa.